Lugha ya Kuungama

Jioni moja katika Sigino, kata iliyo ndani ya mji wa Babati, nilikaribishwa katika ibada ya nyumbani ya jumuiya ndogo ya Wakristo. Watu walikuwa kama kumi na watano, wazee kwa vijana, na taa ilikuwa moja. Baada ya somo ulifika wakati wa maungamo, na kiongozi akasema kuwa kila mtu yu huru kunena au kunyamaza. Kijana mmoja alitangulia. Alikuwa na kipawa cha maneno. Alisema juu ya udhaifu wa mwanadamu, juu ya ulimwengu uliojaa vishawishi, juu ya mwili ulioteleza na roho iliyoyumba; na kwa muda wa dakika kumi hivi alitutembeza katika bonde la dhambi pasipo kutuonyesha dhambi hata moja. Akafuata mama mzee. Alichanganya Kigorowa na Kiswahili, nami nikafasiriwa sehemu ya kwanza na aliyeketi karibu nami. Maneno yake yalikuwa haya kwa jumla: usiku alisikia mtoto wa jirani akilia, alijua sababu ya kilio, hakutoka. Kisha akanyamaza, na wengine wakanyamaza pamoja naye.

Mwanafunzi wa fasihi hana ruhusa ya kuamua ni sala ipi iliyosikiwa mbinguni. Lakini sala ni usemi, na usemi una umbo, na umbo laweza kupimwa. Swali la insha hii ni kwa nini maneno machache ya mama yule yalikuwa maungamo, na hotuba ya kijana, pamoja na uzuri wake wote, haikuwa. Swali hilo latupeleka mbali kuliko Sigino, kwa sababu Mkristo hufundishwa kuwa hana budi kuziungama dhambi zake kwa Mungu, na mara chache hufundishwa kwamba jambo hili ni kazi ya lugha, nayo ni kazi ngumu.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili ni tajiri wa njia za kumficha mtenda. Kikombe kimevunjika, fedha zimepotea, ugomvi ulitokea, maneno yalinitoka, nilijikuta nimefika huko, shetani alinipitia. Silaumu lugha kwa hayo. Viambishi hivi ni sehemu ya adabu yetu, na mtoto aliyelelewa vema hujifunza mapema kuwa si heshima kumtaja aliyevunja kikombe mbele ya wageni. Barazani adabu hii hulinda amani. Ila mahali pa kuungama hugeuka kuwa maficho, kwa kuwa dhambi iliyotokea yenyewe haina mwenyewe, na dhambi isiyo na mwenyewe haiwezi kusamehewa mtu. Kijana wetu alitumia vitenzi vya namna hiyo toka mwanzo hata mwisho. Mama alitumia vitatu: nilisikia, nilijua, sikutoka. Kila kimoja kina nafsi ya kwanza mlangoni, na cha tatu ni cha kukanusha, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote. Mtu huona haya kutaja alilofanya, lakini alilokosa kufanya hata halioni. Yafaa kukumbuka kuwa sala ya maungamo ya Misa, ambayo kwa karne nyingi ilitaja mawazo, maneno na matendo, iliongezewa habari ya kutotimiza wajibu katika Misale iliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mwaka 1970. Kanisa lenye umri wa karibu miaka elfu mbili lilichelewa hivyo kukiandika kitenzi cha mama wa Sigino.

Maneno tuliyo nayo kwa jambo hili ni matatu hasa, nayo hayalingani. Kukiri limetoka Uarabuni, na ni neno la mahakama: mshitakiwa hukiri kosa, mdaiwa hukiri deni, na kwa upande wa pili mwumini hukiri imani. Kutubu nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni kurejea, kama msafiri aliyepotea njia ageukavyo. Kuungama ni letu, nalo lapenda kupokea kiambishi cha kutendea: mtu huungama, lakini zaidi huungamia, humwungamia fulani. Tofauti hii si ndogo. Kukiri kunahitaji ukweli tu, na kwaweza kulazimishwa. Kutubu hakuwezi kulazimishwa kabisa. Kuungama kuko katikati: kwataka ukweli, na tena kwataka msikilizaji.

Hapo ndipo penye fumbo la zamani. Ikiwa msikilizaji ni Mungu, naye ajua yote, basi mtu humwambia nini? Augustino wa Hippo aliliuliza swali hili waziwazi katika Maungamo yake, aliyoyaandika baina ya mwaka 397 na mwaka 400 hivi, kitabu ambacho chote pia kimesemwa kwa Mungu katika nafsi ya pili. Wasomaji wengi hulikumbuka tendo moja dogo la humo, wizi wa mapea aliokuwa nao pamoja na vijana wenzake usiku. Mapea hayakuwa mazuri, wala hawakuwa na njaa. Yeye mwenyewe alikuwa na yaliyo bora nyumbani. Kwa nini basi mwanachuoni mkubwa atumie kurasa nyingi kwa matunda machache yaliyotupiwa nguruwe? Kwa sababu, kwa maoni yangu, alitafuta dhambi isiyo na udhuru. Mwenye njaa akiiba, njaa humsemea. Pale ambapo hakuna njaa, wala uhitaji, wala faida, mtu hubaki peke yake na alilolitaka. Mungu hakuhitaji habari ile. Aliyeihitaji ni msemaji. Mbele ya asiyejua twaweza kuchagua la kusema na la kuficha, na ustadi wote wa maneno huenda katika uchaguzi huo. Mbele ya ajuaye yote ustadi huo hauna kazi tena, na lugha hubaki bila nguo. Ndiyo maana maungamo kwa Mungu ni shule kali ya usemi kuliko maungamo kwa mtu yeyote.

Lakini nisije nikasifu ufupi mno. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, baada ya Daudi kumtwaa Bathsheba na kumwua Uria kwa upanga wa adui, Nathani alimwendea na hadithi ya maskini mwenye kondoo mmoja. Mfalme alikasirika, akamhukumu mtu yule wa hadithi, kisha akaambiwa kuwa mtu huyo ni yeye. Jibu lake katika Kiebrania ni maneno mawili tu. Hata hivyo mapokeo yamempa jibu la pili, Zaburi ya 51, iliyo ndefu, yenye sitiari za kuoshwa na kufutwa na kuumbwa upya. Aya zake za mwisho, zinazotaja kujengwa kwa kuta za Yerusalemu, zimewafanya wataalamu wengi wadhani kuwa ziliongezwa baada ya mji kuharibiwa, na kama ni hivyo, basi taifa zima liliingia katika maneno ya mtu mmoja na kuyafanya yake. Maneno mawili yalitosha kwa kukubali kosa; shairi lilihitajika ili wengine wapate pa kusimama. Kanisa la Magharibi tangu zamani limehesabu zaburi saba za toba, yaani ya 6, ya 32, ya 38, ya 51, ya 102, ya 130 na ya 143, na hakuna hata moja iliyo kilio kisicho na ufundi.

Katika zaburi hiyo ya 51 pana mahali ambapo kila msomaji mwaminifu hukwama. Msemaji adai kuwa amemkosa Mungu peke yake. Na Uria je? Aliyelala kaburini si Mungu. Wako waliolitetea dai hilo kwa kusema kuwa kila dhambi kwa asili ni juu ya Mungu. Wako walioliona kuwa ni kiburi cha mfalme. Kiswahili chetu chatusaidia kidogo hapa, kwa kuwa kukosa kuna maana mbili: nimekukosa ni nimekutenda vibaya, tena ni nimekutafuta nisikupate. Aliyemkosa Mungu kwa maana ya kwanza amemkosa kwa maana ya pili, na kilio cha zaburi, hasa pale msemaji aombapo asitupwe mbali na uso, ni cha mtu aliyempoteza mwenziwe. Kwa upande wa mfalme dai lile pia lina ushujaa, maana hapakuwa na mtu katika ufalme aliyeweza kumhukumu, naye alimchagua Hakimu asiyeweza kumwamrisha. Pamoja na hayo nakiri kuwa naliogopa. Katika kinywa cha mtu asiye mfalme laweza kuwa njia fupi ya kumpita Uria. Injili ya Mathayo imeziba njia hiyo: mwenye kuleta sadaka akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, na aiache madhabahuni aende kwanza akapatane naye.

Wakristo wa Afrika ya Mashariki wameijua vita hii kwa vitendo. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, tabibu Mwingereza, walisali pamoja Kampala, na katika miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Huko Dodoma Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu mashuhuri wa Uganda, alikuwa mwalimu wa shule katika miaka ya 1940 na 1950. Alama ya watu hawa ilikuwa kuungama hadharani. Walirudisha mali ya wizi, walilipa madeni yaliyosahauliwa, mume alimwomba mke msamaha mbele ya kusanyiko. Wazee wengi walichukizwa, kwa kuwa mambo ya nyumbani yalianikwa njiani. Wakubwa wa kanisa nao walitaabika, hata mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono. Chuki ile yaeleweka. Adabu ya kuficha, niliyoitaja juu ya vikombe, ilikuwa imevunjwa kwa makusudi.

Kama fasihi, ushuhuda wa uamsho ni utanzu kamili, na mhakiki wa Kiswahili amekosa sana kutouchunguza. Una mwanzo wake (nilikuwa nani), kiini chake (nuru iliponiangukia), na mwisho wake (sasa ni nani), pamoja na wimbo wa Kiganda wa kusifu ambao kila mtu wa nchi hizi aujua. Utanzu ukikomaa huzaa desturi, na desturi huzaa uvivu. Baada ya miaka mingi orodha ya dhambi za kuungamwa ilikwisha kutengenezwa: ulevi, uzinzi, wizi, uganga. Zilikuwa dhambi za kweli, ila nyingi zilikuwa za zamani, zimekwisha kupoa, na msemaji alizishika kwa mkono bila kuungua. Mtu aliweza kuungama kila juma maisha yake yote asiiguse dhambi aliyokuwa nayo siku hiyo.

Siwezi kuandika hayo bila kuitaja Rwanda tena. Nchi ile iliyokuwa chimbuko la uamsho, nchi ambayo Wakristo wake walikuwa wengi mno, iliona mwaka 1994 majirani wakiwaua majirani, na makanisa kama Ntarama na Nyarubuye yakiwa machinjio. Walikuwako waliokufa kwa kukataa kuwaacha wenzao, kama Félicité Niyitegeka wa Gisenyi. Hata hivyo swali lasimama. Watu waliofundishwa kwa miaka karibu sitini kutaja dhambi zao walikuwa na jina gani kwa chuki ya kabila, iliyoandikwa katika vitambulisho na kusomwa shuleni? Nadhani hawakuwa na jina, au jina hilo halikuwa katika orodha. Baadaye mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, ziliwataka watuhumiwa wakiri, na aliyekiri alipunguziwa adhabu. Kwa amani ya nchi huenda hapakuwa na njia nyingine. Kwa lugha, lakini, kukiri kwenye bei ni kukiri tu. Msikilizaji hawezi kujua ni neno lipi lililolipwa kwa machozi na lipi kwa hesabu ya miaka.

Kenya ilikuwa imeonja ladha chungu zaidi. Katika kambi za kizuizini za miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwashurutisha wafungwa kukiri kiapo cha Mau Mau, na kukiri kulikuwa ngazi ya kutoka kambi hata kambi mpaka nyumbani. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hata kufa kwa kukataa kazi. Ni vigumu kulitumia neno la kanisani bila woga baada ya kulisikia mdomoni mwa askari wa kambi. Hii ni sababu mojawapo ya kushikilia kuwa maungamo ya Kikristo, yakiwa mbele ya padri, au mbele ya ndugu kama Waraka wa Yakobo ushaurivyo, au katika chumba kilichofungwa, mwisho wake ni kwa Mungu. Maana mtu yeyote akisimama mwisho wa njia hiyo, hata akiwa mwema, amepewa uwezo usiomfaa.

Nirudi Babati. Wagorowa na jirani zao Wairaki walikuwa na utaratibu wao wa mambo haya kabla ya wamisionari. Wairaki waliita metimani desturi ya kuitenga kwa muda nyumba iliyopatwa na mambo kama kifo, ili uchafu wake usiwaambukize wengine. Uchafu ule haukumwuliza mtu nia yake. Mfiwa hakuwa na kosa, lakini alikaa mbali. Na katika sala ndefu ya wazee waitayo slufay, mzee mmoja huongoza na wengine humwitikia, na nchi yote huombewa amani, mvua na uzazi. Ukristo ulileta jambo ambalo halikuwa zito hivyo katika taratibu hizo, yaani nia ya mtu mmoja. Je, ulifuta lililokuwako? Katika chumba kile sikuona hivyo. Mama alisema peke yake, kwa nafsi ya kwanza. Lakini alipokwisha, waliokuwapo waliitika kwa sauti ya chini, pamoja, kama waitikiavyo mzee. Kijana hakuitikiwa hivyo, ingawa alishangiliwa.

Tukitazama maandishi ya Kiswahili twaona kwa mshangao kuwa maungamo ya namna hii ni haba. Utungo mkubwa wa kujihoji nafsi katika lugha yetu ni wa Mwislamu: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi baina ya karne ya 18 na ya 19. Mshairi aukemea moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya matajiri na mbele ya moto wa akhera, wala hajamzidi mtu yeyote kwa ukali wa macho. Ila alaumu kughafilika kwa jumla. Msomaji hafahamu mshairi alitenda nini siku fulani. Shaaban Robert katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ametuachia maisha ya mtu mwadilifu, na mwadilifu akijieleza huwa kielelezo, si mwenye kuungama. Kwa upande wa Wakristo, Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyefariki mwaka 1969, alifanya kazi ambayo haijapewa haki yake: aliziingiza Injili na Zaburi katika bahari ya utenzi. Alistahili sifa kwa kuwaonyesha wenzake kuwa mizani ya Waislamu wa pwani yaweza kubeba sala ya Mkristo wa bara. Lakini utenzi una tabia yake. Mizani nane na kina cha kituo kirudicho ubeti hata ubeti humsukuma msemaji mbele, nao hufaa sana vita na hadithi. Mwenye dhambi ahitaji kusimama. Yule wa Zaburi ya 51 hurudia, hukwama, husema jambo lile lile kwa nusu mbili za mstari, kama mtu asiyeamini kuwa amelisema.

Kisha yuko Euphrase Kezilahabi na Rosa Mistika ya mwaka 1971, kitabu kilichosumbua watu wengi. Wengi walikilaumu kwa aibu zilizomo. Mimi hukumbuka zaidi mwisho wake, pale Rosa na baba yake Zakaria waletwapo mbele ya Mungu. Hapo ndipo pangekuwa na maungamo, kwa kuwa hakuna lililofichika tena. Mwandishi akatuonyesha mashitaka, ulezi ukishitakiwa na malezi yakijitetea. Baadhi ya wahakiki huona sura ile kuwa imebandikwa. Kwangu ni sura ya kweli kupita zote za kitabu. Hata mbele ya kiti cha enzi binadamu wa Kezilahabi atafuta mtenda mwingine wa kitenzi chake, nao msomaji aliyekulia katika nyumba kama ile hawezi kusema kuwa hawana haki kabisa, maana Zakaria alitenda, na Rosa alitendwa kabla ya kutenda. Fundisho la maungamo halijajibu vizuri bado namna mtu aliyeumizwa aungamavyo sehemu yake bila kulifuta jeraha lake. Hilo lahitaji mwandishi, si mhakiki.

Kitabu cha Kiswahili ambacho Mkristo anene na Mungu toka jalada hata jalada, kwa nafsi ya kwanza, akitaja usiku na jirani na mlango usiofunguliwa, sijakisoma. Huenda sababu ni kuwa maneno hayo husemwa jioni, katika nyumba kama ile ya Sigino, kisha huishia hapo kwa haki, kwa kuwa hayakuwa ya kusomwa. Mama yule hakuniambia mimi. Nilikuwa mgeni aliyeketi karibu na mlango, nikamfanya jirani yangu anifasirie, na usiku ule ule, kabla ya kulala, niliyaandika katika daftari. Sikumwomba ruhusa.